Barua pepe na makundi ya habari katika programu moja: nichague ipi kwa kompyuta ya mezani?

MfasiriMoro

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Naomba ushauri kuhusu programu ya barua pepe ya kusakinisha kwenye kompyuta ya mezani, ambayo pia inasoma makundi ya habari ya Usenet, yaani mabaraza ya majadiliano ya maandishi yanayosambazwa kupitia seva nyingi. Ninatafsiri programu huria kwa Kiswahili, kazi iliyonivutia tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Sehemu kubwa ya mijadala inayohusu kazi hii bado inaendeshwa kwa maandishi matupu, kupitia orodha za barua pepe na makundi ya habari, ambako swali moja la mfasiri linaweza kuzaa majibu kadhaa kutoka kwa watu wa mabara tofauti. Nikiyasoma majibu hayo kwenye kivinjari nayakuta yamelundikana kwa tarehe, na ninapoteza muda mwingi kutafuta nani amemjibu nani.

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 na inatumia Windows 10, ingawa niko tayari kuhamia Linux kwa kuwa huduma ya Windows 10 ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Nina anwani tatu: ya Gmail, ya ofisi inayotumia IMAP (barua hubaki kwenye seva), na ya zamani inayotumia POP3 (barua hushushwa kwenye kompyuta) ambayo sitaki kuiacha kwa sababu baadhi ya wahariri wa kamusi bado wananiandikia huko. Mtandao naupata kwa bando la simu, kwa hiyo ningependa kupakua ujumbe wote asubuhi, nikate mtandao, nisome na kujibu kwa utulivu, kisha nitume majibu kwa mkupuo jioni. Umeme nao hukatika bila taarifa, na nisingependa barua ziharibike kwa sababu kompyuta imezimika ghafla.

Zaidi ya hayo, mwenzangu aliyestaafu ameniachia barua zake za miaka mingi zilizohifadhiwa na Outlook Express, programu ya zamani ya barua ya Windows. Ndani yake mna mijadala ya istilahi ambayo sijaiona mahali pengine popote.

Sihitaji kalenda wala mapambo. Nahitaji programu ambayo, hata ikija kuachwa na watengenezaji wake, bado nitaweza kuzifungua barua zangu baada ya miaka 10. Naomba mnipe na sababu, si majina peke yake.

---

FundiMwanza

Ndugu Mfasiri, karibu sana. Hilo la miaka 10 ndilo ningeanza nalo hata mimi, kwa sababu watu wengi huchagua programu ya barua kwa sura yake, kisha huja kugundua siku ya kuhama kwamba barua zao zimefungiwa ndani.

Tazama yaliyotokea upande wa Windows pekee. Outlook Express ilidumu hadi Windows XP, ikapokewa na Windows Mail katika Vista, kisha ikaja Windows Live Mail ambayo huduma yake ilikoma Januari 2017, na ile programu ndogo ya Mail ya Windows 10 nayo ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2024 ili watu wahamie Outlook mpya. Katika mfuatano huo uwezo wa kusoma makundi ya habari ulipotea kabisa: Outlook Express na Windows Live Mail zilikuwa nao, Mail ya Windows 10 haikuwa nao, na Outlook mpya haina. Isitoshe, ukiweka akaunti isiyo ya Microsoft kwenye Outlook mpya, barua zake husawazishwa kupitia wingu la Microsoft, jambo ambalo kwa barua za ofisi lingefaa kuidhinishwa kwanza na mwenye ofisi.

Ushauri wangu ni Thunderbird. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na tangu hapo imesoma barua pepe, makundi ya habari na milisho ya RSS (habari mpya za tovuti) katika dirisha moja. Mwaka 2012 Mozilla, shirika lililoitengeneza, ilipunguza nguvu iliyoiwekea na wengi wakadhani imefikia mwisho, lakini jamii ya watumiaji iliishika. Tangu mwaka 2020 inasimamiwa na kampuni ya MZLA Technologies, tanzu ya Wakfu wa Mozilla, na inaendeshwa kwa michango ya watumiaji. Sura yake ilijengwa upya katika toleo la 115 la mwaka 2023.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni namna inavyohifadhi barua. Kwa kawaida kila folda ni faili moja la maandishi la aina ya mbox. Ukilifungua kwa Notepad utaona barua ya kwanza pamoja na anwani zake zote, kisha mstari unaoanza na neno From, kisha barua ya pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Viambatisho vitaonekana kama bahari ya herufi na tarakimu, lakini maneno ya barua za maandishi matupu unayasoma bila programu yoyote ya barua. Muundo huu umekuwapo tangu enzi za Unix, na programu nyingi sana zinauelewa, kwa hiyo hata Thunderbird ikiachwa kesho, barua zako hutazipoteza.

Muundo huo una hatari zake, nawe kwa hali ya umeme uliyoieleza unapaswa kuzifahamu. Ukifuta ujumbe hautoki ndani ya faili. Unawekewa alama tu, na nafasi yake hurudishwa pale folda inapobanwa. Wakati wa kubanwa faili zima huandikwa upya, na ndiyo saa ambayo kukatika kwa umeme kunaweza kukuumiza, kwa hiyo zima ubanaji wa kujiendesha na ufanye kazi hiyo wewe mwenyewe ukiwa na UPS (betri ya akiba). Pia programu ya kuzuia virusi izuie kugusa folda ya wasifu wa Thunderbird, kwani ikikuta kiambatisho kimoja kibaya inaweza kulitia karantini faili zima la kikasha chako. Halafu kumbuka kwamba flashi nyingi za madukani huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Folda ikinenepa kupita hapo, hutaweza kuinakili hadi uifomati upya flashi hiyo. Dawa rahisi ni kugawa barua kwa mwaka, folda moja kwa kila mwaka.

Kuhusu bando, Thunderbird inakuruhusu kuchagua folda zipi za IMAP zipakuliwe kwa ajili ya kusomwa nje ya mtandao, za tangu lini, na ujumbe wa ukubwa gani usipakuliwe hadi utakapouomba. Ina hali ya nje ya mtandao ambamo majibu yote hukaa kwenye kisanduku cha kutoka hadi utakapoamuru yatumwe, na huo ndio utaratibu uliouelezea, asubuhi kupakua na jioni kutuma.

Kwenye makundi ya habari, unafungua akaunti ya aina yake peke yake, unaandika jina la seva, kisha unachagua makundi. Ukiingia kundi kubwa kwa mara ya kwanza litakuuliza kama unataka vichwa vyote au 500 vya mwisho. Chagua 500 uokoe bando. Ukishaupanga mjadala kwa nyuzi, yaani kila jibu chini ya ujumbe linaoujibu, herufi chache za kibodi zinakutosha: K inanyamazisha uzi usioutaka na majibu yake yote yajayo, W inauweka uzi kwenye uangalizi, na T inakurusha kwenye uzi unaofuata ambao hujausoma. Kwa mtu anayefuatilia makundi matano au sita, herufi K peke yake inafanya kazi kubwa kuliko vichujio vyote.

Lawama yangu kwa Thunderbird ni uzito. Inaweza kula mamia ya megabaiti za RAM, na kwa GB 4 huku kivinjari kimefunguliwa utaihisi. Ukihamia Linux yenye mazingira mepesi kama Xfce, mzigo utapungua.

---

BintiTanga

Nakubaliana na Kaka Fundi kuhusu muundo wa kuhifadhi, ila yeye amesifu mbox nami ningemshauri Ndugu Mfasiri aende kwenye Claws Mail, ambayo ilichipuka kutoka Sylpheed mwaka 2001 na inatumia muundo wa MH. Katika muundo huo kila ujumbe ni faili lake, na kila folda ya barua ni folda halisi kwenye diski. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, kinachoweza kuharibika ni ujumbe uliokuwa unaandikwa sekunde hiyo. Elfu nyingine zilizobaki hazikuguswa. Nakala rudufu nazo zinakuwa nyepesi: ukitumia rsync, programu ya kunakili mafaili, kila jioni, yanayonakiliwa ni mafaili mapya ya siku hiyo tu, wakati mbox yenye GB 2 ni lazima ipitiwe yote kwa sababu ya barua moja iliyoingia. Nijuavyo, hata Thunderbird inaweza kuwekwa iwe na faili moja kwa kila ujumbe, lakini unalazimika kuchagua hivyo kabla ya kufungua akaunti, na wengi wanalisikia jambo hilo wakati wamekwisha kuchelewa.

Claws Mail inasoma POP3, IMAP na NNTP, yaani itifaki ya makundi ya habari, na kwenye kompyuta ya GB 4 inafunguka upesi sana. Kuna toleo la Linux na la Windows. Haiandiki barua za HTML kabisa, na kwa kazi ya mfasiri anayejadiliana kwa maandishi matupu hiyo ni faida, kwa kuwa huwezi kutuma rangi na fonti kwenye orodha ambayo wenyeji wake watazikataa. Kasoro yake naisema wazi: mtandao wa IMAP ukiwa mzito, dirisha huganda hadi seva ijibu. Kwa mtu anayepakua na kukata mtandao, hali hiyo inavumilika.

Hata hivyo, hoja yangu hasa ni kwamba usitafute programu moja ya kufanya yote mawili. Kusoma barua na kusoma makundi ni kazi mbili tofauti. Barua iliyotumwa kwako unalazimika kuiona yote. Kwenye kundi unatupa sehemu kubwa na kubakiza kidogo, kwa hiyo unahitaji chombo kinachojua kupima. Pan, programu ya kusoma makundi, kwa mfano, inakuwezesha kutoa alama: mwandishi fulani aongezewe, mada fulani ipunguziwe, majibu kwa ujumbe wako yapande juu kabisa, na yaliyo chini ya kiwango ulichoweka usiyaone kabisa. Kwa anayependa terminali kuna slrn na tin, ambazo zinakwenda hata kwenye kompyuta iliyokwisha kuitwa chakavu.

Pia kuna suala la usalama wa heshima yako. Katika programu inayounganisha yote mawili, kitufe cha kumjibu mwandishi faraghani na kile cha kulijibu kundi zima vinakaa karibu karibu. Barua ya faragha ikiangukia kwenye kundi, husambaa kwenye seva nyingi ndani ya muda mfupi, na hakuna ofisi utakayoipigia simu iifute. Mimi napendelea mlango mmoja uwe wa barua za watu na mlango mwingine uwe wa baraza.

SeaMonkey nayo ipo, ikiendeleza ile programu ya zamani ya Mozilla iliyokuwa na kivinjari na barua pamoja. Inafanya kazi, lakini watengenezaji wake ni wachache na mambo mapya yanaifikia kwa kuchelewa, kwa hiyo nisingeianzia hapo.

---

MfasiriMoro

Kaka Fundi na Dada BintiTanga, nawashukuru sana. Nimeona kwamba nilikuwa naulizia sura ya programu ilhali nilipaswa kuulizia kwanza barua zitakaa katika muundo gani, nanyi nyote wawili mmeanzia hapo.

Naomba kuongeza maswali. La kwanza, Gmail haikubali tena nywila ya kawaida kutoka kwenye programu za nje. Je, Claws Mail inalimudu hilo? La pili, seva ya makundi ya habari naipata wapi, kwa kuwa kampuni ninayonunua bando haitoi huduma hiyo na wahudumu wake hawaifahamu? La tatu ni zile barua za Outlook Express.

---

MzeeWaSeva

Wanangu, nimefurahi kuona kwamba bado wapo vijana wanaoulizia Usenet. Nilisimamia seva za chuo kimoja hapa Pwani kwa muda mrefu, basi nijibu hilo la pili, kisha niongeze jambo linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, na ikaanza kutumika kwa umma mwaka 1980, kabla ya wavuti kuwapo. Haina makao makuu. Kila seva hupokea ujumbe kutoka kwa jirani zake na kuwapelekea wengine, hivyo unachohitaji ni seva moja iliyo tayari kukupokea. Zamani kampuni za intaneti na vyuo vilitoa huduma hiyo pamoja na barua pepe, na sasa karibu zote zimeacha. Kwa makundi ya maandishi, jisajili Eternal September, ambayo ni bure na haibebi mafaili makubwa ya picha na filamu. Hilo linakufaa wewe mwenye bando. Jina la seva ni news.eternal-september.org, na tumia lango la 563 ambalo mawasiliano yake yamesimbwa, badala ya 119 ambalo nywila yako inaweza kupita wazi.

Usitegemee Google Groups. Tangu tarehe 22 Februari 2024 haipokei wala kutuma ujumbe mpya wa Usenet, ila kumbukumbu za zamani bado zinasomeka pale. Wengi walisikitika, lakini barua taka zilizokuwa zikiingia kupitia mlango huo zilipungua sana, na makundi kama comp.lang.c, sci.lang na news.software.readers yamekuwa rahisi zaidi kusomeka. Hilo la news.software.readers ndilo wanakojadili programu hizi hizi tunazozizungumza, basi anzia hapo.

Kwa orodha za barua pepe za programu huria kuna njia ambayo wenzangu hawajaitaja nayo inaweza kukubadilishia kazi. Gmane, iliyoanzishwa na Lars Magne Ingebrigtsen mwaka 2002, huzigeuza orodha za barua kuwa makundi ya habari. Badala ya kuandikishwa kwenye kila orodha na kujaza kikasha chako, unaunganisha programu yako na news.gmane.io, unachagua orodha kama gmane.emacs.devel, na unapakua vichwa vya mada peke yake. Ukitaka kusoma ujumbe fulani ndipo mwili wake unapopakuliwa. Kwa anayelipia kila megabaiti, huo ni unafuu mkubwa mno, na unapata hata mijadala ya miaka ya nyuma kwa mpangilio wa nyuzi. Ukituma ujumbe kwa mara ya kwanza utapokea barua ya kukuomba uthibitishe anwani yako. Ijibu, kisha endelea. Baadhi ya orodha zitakudai uandikishwe kwanza ndipo zikubali maandishi yako.

Kama mko wasomaji kadhaa mahali pamoja, angalieni Leafnode. Ni seva ndogo mnayoiweka kwenye kompyuta moja ya ofisini; inaleta yale makundi tu ambayo mtu fulani anayasoma, inayahifadhi, na wengine wote wanasoma kutoka hapo bila kugusa intaneti.

Sasa kuhusu maandishi yetu. Kiswahili hakina herufi zenye alama za juu, kwa hiyo watu hudhani usimbaji wa herufi hautuhusu. Unatuhusu kwa sababu ya ritifaa. Ukiandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, neno linafika salama kila mahali. Ukiliandika kwanza kwenye programu ya kuchapia nyaraka, ritifaa inageuzwa kuwa ile iliyopinda, na kwa msomaji ambaye programu yake haikuelezwa kwamba ujumbe ni wa UTF-8 (njia mojawapo ya kusimba herufi) neno hilo linafika likiwa ngâ€™ombe. Nimeona majedwali mazima ya istilahi yameharibika namna hiyo, kila ng' ikiwa imeota mkia. Basi programu yoyote utakayoichagua, iweke itume kwa UTF-8 na uzime ubadilishaji wa ritifaa wa kujiendesha. Thunderbird na Claws Mail zote zinaandika wazi kwenye kichwa cha ujumbe ni usimbaji upi umetumika. Zile programu za zamani ambazo haziandiki hivyo ziache, hata kama ni nyepesi.

Kwenye adabu, andika jibu lako chini ya maneno unayoyanukuu, na ubakize yale tu unayoyajibu. Katika Thunderbird unaweza kuamuru jibu lianzie chini ya nukuu, na ni vema uzime uandishi wa HTML kwa akaunti ya makundi. Mistari isizidi herufi 72 au hapo karibu. Anwani yako halisi usiianike kwenye makundi ya wazi, kwani wakusanyaji wa anwani huipitia Usenet. Tumia anwani inayoishia na .invalid, kikoa ambacho kimetengwa mahususi kisitumike na mtu yeyote. Kwenye Gmane, kwa upande mwingine, lazima anwani iwe halisi kwa sababu ndiyo inayothibitishwa.

---

BintiTanga

Mzee wa Seva, shikamoo, na asante kwa hilo la Gmane.

Kuhusu Gmail na Claws Mail: matoleo ya sasa yanamudu uthibitishaji wa OAuth2, yaani kuingia kupitia ukurasa wa mtoa huduma bila kuipa programu nywila yako, lakini yanakutaka ujitafutie mwenyewe kitambulisho cha programu kutoka Google, kazi ambayo ina hatua nyingi. Njia fupi ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yako, kisha uombe nywila ya programu yenye herufi 16 na kuiweka kwenye Claws badala ya nywila yako ya kawaida. Hapo nakiri kwamba Thunderbird ni rahisi zaidi. Inafungua dirisha la Google, unaingia, na kazi imekwisha. Kwa akaunti binafsi za Outlook.com tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa tangu Septemba 2024 zinakubali OAuth2 peke yake.

---

FundiMwanza

Nimalizie lile la Outlook Express, kwani hapo ndipo penye haraka. Usisubiri kuchagua programu. Kila folda ya Outlook Express ni faili lenye kiambishi cha dbx, lililo katika muundo wake wenyewe, na faili likifikia GB 2 lilikuwa likigoma au kuharibika. Nakili folda nzima sehemu mbili tofauti kabla ya kufanya lolote, na ufanye kazi kwenye nakala.

Kuna programu huria iitwayo UnDBX ambayo inafungua faili la dbx na kutoa kila ujumbe kama faili la eml, na ina namna ya kujaribu kuokoa ujumbe kutoka kwenye faili lililoharibika. Hautahitaji Outlook Express yenyewe wala Windows XP. Ukishapata mafaili ya eml, yaburute kwa panya hadi kwenye folda ya Thunderbird uliyoiandaa, kwa mafungu ya mia kadhaa, maana ukiyaburuta elfu kumi kwa pamoja programu itakwama. Mafaili ya eml yenyewe usiyafute. Hayo ndiyo maandishi ghafi ya barua zile, yanasomeka kwa kihariri chochote, na ukitaka kutafuta istilahi fulani ndani yake unaweza kutumia grep, amri ya kutafuta maneno, kwenye Linux bila kufungua programu ya barua.

Na kwa kuwa Dada amezungumzia kuchelewa: ukiamua Thunderbird, basi ile chaguo ya faili moja kwa kila ujumbe iweke siku ya kwanza, kwenye mipangilio ya jumla, kabla ya kuongeza hata akaunti moja. Kwa umeme wako, mimi mwenyewe sasa naona ni bora kuliko mbox niliyoisifu, mradi uendelee kuweka nakala.

---

MfasiriMoro

Nawashukuru nyote. Mzee wa Seva, shikamoo, na pole kwa kukuchosha na maswali ya wanaoanza.

Nimeamua hivi. Nitasakinisha Debian, toleo mojawapo la Linux, yenye Xfce, na barua za anwani zote tatu zitakaa kwenye Thunderbird, ujumbe mmoja faili moja, kwa sababu ya urahisi wake na Gmail na kwa kuwa wenzangu ofisini wataweza kuitumia bila kufundishwa sana. Orodha za programu huria nitazifuata kupitia Gmane humo humo ndani ya Thunderbird, chini ya anwani yangu ya kazi. Makundi ya wazi ya Usenet nitayasoma kwa Pan, kwani hoja ya Dada kuhusu barua ya faragha kuangukia barazani imeniingia sawasawa. Claws Mail nitaiweka kwenye kompyuta ya pili, ile ya zamani zaidi, ili nayo isome ile anwani ya POP3.

Lakini kabla ya kuigusa Windows nitazitoa kwanza barua za mwenzangu. Folda yake ninayo hapa, na mafaili ya dbx yako kumi na kitu, mengine yana majina ya makundi ya habari aliyokuwa akiyasoma.

---

FundiMwanza

Vema sana. Hayo yenye majina ya makundi yatoe pia, kwa sababu huenda ndani yake mna ujumbe ambao seva nyingi hazina tena. Lile liitwalo Folders.dbx lisikutie wasiwasi likionekana tupu. Ni orodha ya folda tu na halibebi barua. Na usiishie kwenye Inbox.dbx. Anza na Sent Items.dbx, kwani mtu aliyekuwa akijibu maswali ya istilahi, majibu yake yako huko.